Saki ni nini kwenye futiboli ya Marekani, na kwanini Reggie White anatajwa sana

Ukianza kufuatilia futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira wa umbo la yai, utasikia watangazaji wanapiga kelele "saki!" na hujui kimetokea nini. Iko hivi, timu yenye mpira inapewa majaribio 4 kusogea mbele yadi 10, na anayeongoza ni kwotabeki, yeye ndo anapokea mpira afu anatafuta wa kumrushia. Sasa akiangushwa na mpira mkononi kabla hajarusha, nyuma ya mstari walipoanzia, hiyo ndo saki. Jaribio limeliwa na yadi zimepotea, tuseme walikuwa wanahitaji 10 wakarudishwa 8, basi sasa wanadaiwa 18, na kuzipata hizo si mchezo. Wakimwangusha wawili kwa pamoja kila mmoja anaandikiwa nusu, ndo maana utaona takwimu zenye nukta.

Kwangu mimi hakuna aliyeifanya kazi hiyo kama Reggie White. Pande la mtu, mita 1.96 hivi na kilo zaidi ya 130, ila mwepesi balaa. Chuoni Tennessee, msimu wa 1983, alipiga saki 15. Mbinu yake ilikuwa hivi: anakimbilia nje kama anataka kumzunguka mlinzi wa kwotabeki, mlinzi naye anaegemea huko huko kumfuata, akishaegemea tu White anageuza, anapenyeza mkono wa ndani chini ya kwapa la jamaa na kumtupa pembeni, na huyo anayetupwa ni jitu zima kama yeye!

1987 akiwa Philadelphia Eagles wachezaji waligoma, akacheza mechi 12 tu, bado akapata saki 21. 1993 akahamia Green Bay Packers, na fainali ya ligi ya Januari 1997 alimwangusha Drew Bledsoe, kwotabeki wa New England Patriots, mara 3, mbili mfululizo, Patriots wakiwa ndo wanatafuta njia ya kurudi mchezoni.

NFL, ndo ligi kuu ya mchezo huu walikocheza Eagles na Packers, wanamhesabia saki 198, anayeongoza ni Bruce Smith mwenye 200. Mi naona hapo hajatendewa haki, maana alianzia ligi nyingine, USFL, na Memphis Showboats misimu ya 1984 na 1985, akapata 23.5 ambazo NFL hawazihesabu kabisa. Ukijumlisha zote zinafika 221.5.