Laptopu 40 na faili moja la Wi-Fi

Ofisi moja hapa Mwanza ilipobadilisha nywila ya Wi-Fi mara ya kwanza, mtu aliandika nywila mpya kwenye karatasi akaibandika mapokezi. Kabla ya saa sita mchana karatasi ilishapigwa picha na kila mwenye simu, na printa ikaanza kusuasua. Mara ya pili wakaniita mimi. Laptopu 40, zote za Windows.

Nywila simtajii mtu. Windows huhifadhi kila mtandao kama profaili, na profaili hiyo unaweza kuitoa kwenye mashine moja ikiwa faili la XML (faili la maandishi yenye mpangilio maalumu), kisha ukaiingiza kwenye nyingine kwa amri ya netsh, zana ya Windows ya kusimamia mtandao kwa kuandika amri.

Naanza na laptopu moja tu. Naiunganisha kwa mkono, nahakikisha inafanya kazi, halafu nafungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi:

netsh wlan show profiles
netsh wlan export profile name="Ofisi" folder=C:\wifi key=clear

Folda ya C:\wifi itengeneze kabla. Faili litatoka na jina kama Wi-Fi-Ofisi.xml. Kile kipande cha key=clear usikisahau: bila hicho nywila inatoka imefumbwa kwa ufunguo wa mashine ile ile, na kwingine haisomeki. Mimi kilinila nusu siku nzima miaka ile naanza kazi, nikilaumu ruta isiyo na kosa.

Lifungue faili kwa Notepad ulione. Mstari wa keyMaterial ndio wenye nywila, na protected inatakiwa isome false. Nywila ikibadilika tena huna haja ya kurudia zoezi zima, unabadilisha mstari huo huo. Ila kama nywila yako ina alama ya &, ndani ya XML iandike &amp; la sivyo faili zima litakataliwa. Na ukitaka kulitumia faili hilo kwa mtandao wenye jina jingine, badilisha jina kila linapotokea na ufute mstari wa hex, maana humo jina la zamani bado limo, limeandikwa kwa tarakimu.

Kisha natengeneza faili la bat, yaani faili lenye amri zinazoendeshwa moja baada ya nyingine, nalikalisha pamoja na lile la XML kwenye flashi:

netsh wlan delete profile name="Ofisi"
netsh wlan add profile filename="%~dp0Wi-Fi-Ofisi.xml" user=all
netsh wlan connect name="Ofisi"

Hiyo %~dp0 inaonekana kama uchawi, lakini maana yake ni "folda lilimokaa faili hili la bat". Ukiendesha kitu kwa haki za msimamizi, Windows huanzia System32, folda yake yenyewe ya mfumo, na ukiandika jina la faili peke yake atalitafuta huko asilione. Watu wengi hukwama hapa, kisha wanasema netsh ni mbovu. Nayo user=all inafanya profaili imfae kila anayeingia kwenye laptopu hiyo; pale ofisini laptopu moja hushikwa na watu wawili watatu kwa zamu.

Angalizo: kama unaifikia laptopu kutoka mbali kupitia Wi-Fi hiyo hiyo, usianze na delete. Utakuwa umekata tawi ulilokalia, na itabidi utembee mpaka kwenye meza ya mwenyewe.

Laptopu chache zilikuwa zikikimbilia mtandao wa wageni. Hizo nilizipanga upya:

netsh wlan set profileorder name="Ofisi" interface="Wi-Fi" priority=1

Kukagua, natumia netsh wlan show interfaces. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 amri hii hudai ruhusa ya mahali. Usishtuke, iwashe kwenye mipangilio. Zote 40 zilimalizika kabla ya chakula cha mchana, na muda mwingi ulikwenda kuwasubiri watu wahifadhi kazi zao.

Flashi ile sasa ina nywila iliyo uchi. Nikimaliza nafuta faili la XML, kwenye flashi na kwenye C:\wifi pia. Hata hivyo siri hii si siri kamili: mwenye haki za msimamizi akiandika netsh wlan show profile name="Ofisi" key=clear, nywila hiyo hapo, mbele ya macho yake. Pale ofisini karibu kila mfanyakazi alikuwa msimamizi wa laptopu yake. Njia ya kukata mzizi ni WPA2 Enterprise, kila mtu na akaunti yake, lakini inahitaji seva ya RADIUS, ile inayokagua akaunti hizo, na mtu wa kuilea. Kwa sasa nimewashusha wote kuwa watumiaji wa kawaida, na simu nimezihamishia mtandao wa wageni. Manung'uniko yalikuwepo. Printa inachapa.