Baridi Ikuchagulie Kazi: Kuunda Viboti vya Mbao Maziwa Yanapoganda

Ninakoishi, Duluth, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, maziwa madogo huanza kuganda Novemba, na mengine hayaachii barafu hadi mwisho wa Aprili, au Mei mwaka ukiwa mkorofi. Katikati ya Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi u nusu jioni limeshazama. Usiku wa Januari kipimajoto kikisoma nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri hakuna anayeshangaa. Ndugu zangu wa Tanga wakipiga simu huuliza: sasa miezi yote hiyo mnafanya nini? Mimi ni fundi wa vyombo, kwa hiyo naunda vyombo. Ila naunda vidogo, na vifaa vyake vidogo zaidi.

Nasema hivi kwa sababu kila mwaka majani yakianza kupukutika huja mtu karakanani na michoro ya mashua ya mita sita, anataka aishushe majini barafu ikiyeyuka. Namkaribisha chai, kisha namwuliza ataipasha joto vipi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kweli.

Chombo kikubwa hudai banda kubwa, na banda kubwa hudai moto. Wengi hukimbilia hita ya gesi au ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutoa moshi nje. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote mvuke. Mvuke huo hutafuta kitu chenye baridi kuliko vyote humo ndani, nacho ni chuma cha randa yako na mbao zako. Asubuhi randa ina kutu. Tena unyevu huo pamoja na hewa ukaa hukutana na epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya kuunganishia na kupakia mbao, ambayo bado haijakaza na kuacha juu yake utando unaoteleza ukiupitishia kidole. Ukiupiga msasa, msasa unaziba; ukiupaka rangi, rangi itabanduka. Dawa yake ni maji na kitambaa cha kusugulia, kabla msasa haujagusa chochote. Na hapo sijataja kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliojifungia ndani na moto. Kama hita yako haina bomba la nje, usiunde chombo mbele yake. Kwa hilo sina mjadala.

Epoksi yenyewe ndiyo bwana wa ratiba. Haikauki kama rangi ya maji. Resini, yaani gundi yenyewe, na hadina, yaani dawa ya kuikaza, humenyuka na kushikana, na mmenyuko huo hufuata joto. Joto likishuka nyuzi kumi, muda wa kukaza huongezeka karibu mara mbili. Resini iliyolala kwenye baridi inakuwa nzito kama asali, pampu haitoi kipimo sawa, na ukikosea uwiano wa resini na hadina hakuna subira itakayokusaidia: italala mbichi hadi uikwangue. Mimi chupa zangu huziweka kwenye sanduku la mbao lenye balbu ya zamani, ile inayotoa joto kuliko mwanga, nikaiwasha saa chache kabla ya kazi.

Jingine ambalo wageni wa kazi hii hawaambiwi: usipake epoksi wakati joto la chumba linapanda. Ndani ya vinyweleo vya mbao mna hewa, nayo ikipashwa hutanuka na kutoka, ikiacha viputo vidogo juu ya uso uliotaka uwe kioo. Pasha chumba na mbao vizuri, punguza hita, halafu ndipo upake. Joto likishuka, mbao huivuta epoksi ndani yake.

Sasa fikiria kuyafanya hayo yote kwa mashua ya mita sita, ukiwa na gereji ambayo mlango wake unavuja upepo. Kisha fikiria kuyafanya kwa kasia moja, kwenye chumba ambacho tayari kina joto kwa sababu watoto wanalala upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana nasema baridi ikuchagulie kazi.

Kuna na suala la mbao. Kule kwetu pwani fundi huogopa jua: chombo kikikaa juu siku nyingi mbao hukauka, nafasi zake hufunguka, na lazima kukalafati upya kwa pamba kabla ya kurudi majini. Huku ni kinyume. Hewa ya nje yenye baridi kali haibebi maji mengi, na ukiiingiza ndani na kuipasha inakuwa kavu kabisa. Mbao iliyokaa kwenye nyumba yenye hita kwa wiki kadhaa hushuka hadi unyevu wa asilimia 6 hivi. Kiangazi, nje, itapanda hadi 12 au zaidi. Ubao wa eshi, ule mti mgumu wa huku unaopendwa kwa makasia na kingo, ukiwa na upana wa milimita 200 unaweza kutanuka milimita tatu kwa safari hiyo. Mwerezi mweupe hautanuki sana, kama milimita mbili. Kwa hiyo anayeunganisha mbao pana, zisizofunikwa kwa chochote, kwa kuzibana kabisa mwezi wa Januari, ajue zitasukumana mwezi wa Julai. Plaiwudi haina tabia hiyo, kwa kuwa matabaka yake yamekatizana na kila moja humzuia mwenzake.

Basi, kazi zenyewe. Ninayoipenda kuliko zote, na ningemshauri kila mtu aanze nayo, ni jozi ya makasia. Makasia ya dukani mengi ni mazito na mpini wake ni mnene toka mwanzo hadi mwisho. La kujitengenezea unalipunguza pale lisipohitaji nguvu, na mikono inajua tofauti baada ya kilomita moja ya kupiga makasia. Chagua mbao ya msprusi, mti mwepesi wa jamii ya misonobari, yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na vifundo, chora umbo, kata kwa msumeno. Bado ni mti wa pembe nne. Swali ni jinsi ya kuufanya mviringo bila kuuharibu, hasa kwa kuwa unakonda kuelekea kwenye bapa.

Mafundi wa milingoti wana kipimo kidogo cha ajabu kwa hili. Chukua kipande cha mbao chakavu, pigilia misumari miwili, nafasi kati yake izidi kidogo upana wa mti pale ulipo mnene zaidi. Kati ya misumari toboa matundu mawili ya penseli, ukiigawa nafasi kwa uwiano wa 7, 10, 7. Mathalani misumari ikiwa milimita 48 mbali, penseli ya kwanza inakaa milimita 14 kutoka msumari wa kushoto, ya pili milimita 14 kutoka wa kulia, na 20 zinabaki katikati. Kilaze kipimo juu ya mti, kizungushe hadi misumari yote miwili iguse kingo, halafu kivute polepole toka mwanzo hadi mwisho. Mti unapokonda, kipimo kinazidi kulala mshazari, na mistari miwili ya penseli inakaribiana yenyewe bila wewe kupiga hesabu yoyote. Fanya hivyo nyuso zote nne. Kisha ondoa kila pembe kwa randa hadi ufike kwenye mistari, na mti wako una pembe nane zilizo sawa kutoka upande mnene hadi mwembamba. Kutoka nane kwenda kumi na sita ni kwa jicho na mkono. Kutoka kumi na sita ni utepe wa msasa unaovutwa huku na huku, kama unavyong'arisha kiatu, na mara kwa mara kufumba macho na kupitisha kiganja, maana kiganja hugundua vilima ambavyo jicho linavisamehe.

Kazi hiyo haihitaji gundi hata tone, isipokuwa ukiongeza upana wa bapa. Wala haitoi vumbi jingi, bali maranda, na hili si jambo dogo. Kiangazi unafungua milango, upepo unabeba. Kipupwe umejifungia, na unachokipeperusha ndicho unachokivuta. Vumbi la mwerezi mwekundu wa magharibi linajulikana kwa kuwasababishia mafundi pumu. Mashine ya msasa naitumia kidogo iwezekanavyo toka Novemba hadi Aprili, na nikiitumia navaa barakoa ya kweli, si ile ya karatasi.

Ya pili ni nusu modeli: nusu ya umbo la chombo, iliyopasuliwa kwa urefu toka omo hadi tezi, ikachongwa kwa ubao kwa uwiano wa moja kwa kumi. Boti ya mita 3.6 inakuwa sentimita 36, inakaa mezani jikoni. Zamani waunda meli wengi wa Marekani walianzia hapo badala ya karatasi: walichonga nusu, wakakubaliana na mwenye chombo, kisha wakachukua vipimo kutoka kwenye mbao na kuvikuza. Fundi wa dau wa pwani yetu aliruka hata hatua hiyo, akaunda kwa jicho moja kwa moja. Kwa sisi tusio na jicho lile, nusu modeli ni shule ya bei nafuu. Ishike mbele ya taa iliyo chini, zungusha, na kivuli kitakuonyesha pale mstari wa tumbo ulipovunjika.

Februari ikifika na mtu bado ana hamu ya kitu kinachoelea, namwelekeza kwenye kiboti cha plaiwudi cha kushona. Mfano mzuri wa ukubwa ni kiboti cha tanga kiitwacho Optimist, ambayo Clark Mills aliichora mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, kwa ajili ya watoto. Alitaka itoke kwenye plaiwudi mbili za kawaida za futi nne kwa nane, na ndiyo sababu pua yake ni butu: omo iliyochongoka ingemaliza urefu bure. Ufundi wa kushona wenyewe ulienea na boti nyingine ya tanga, Mirror, iliyotoka Uingereza mwaka 1963, kazi ya Barry Bucknell na Jack Holt, na zikaundwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu ambao hawakuwa mafundi.

Unatoboa matundu ya milimita mbili ukingoni mwa kila ubao, kila baada ya sentimita 15 hivi, unapitisha waya wa shaba na kuupota kwa koleo upande wa nje. Wajukuu wa mafundi wa mtepe hawahitaji kuelezwa sana. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba ya kumbi na kamba ilibaki humo maisha yote ya chombo. Hapa waya ni wa muda tu, hadi epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ijaze kona ya ndani na utepe wa faibaglasi ulale juu yake. Kuna dakika moja, ukikaza waya za mwisho za omo, ambapo mbao bapa zilizokuwa zinalegalega sakafuni zinakubali kupinda na ghafla una chombo. Usikaze kwa pupa. Waya ukikatika tundu linapasuka.

Plaiwudi nzuri nyepesi ya kazi hii ni ya okume, mti wa Gabon, nchi ambayo ilipiga marufuku kusafirisha magogo ghafi mwaka 2010. Ni ghali. Nunua hata hivyo. Plaiwudi ya ujenzi ina mapengo ndani ambayo utayagundua siku ya kuipinda.

Kabla ya kukata chochote, pima mlango na kona ya ngazi. Pigilia fito mbili msalaba, moja urefu wa kiboti na nyingine upana wake, uzipitishe toka chumba cha chini ya nyumba hadi nje. Zikikwama, kiboti nacho kitakwama.

Kama huna vifaa au mtu wa kukuelekeza, Grand Marais, kilomita 180 hivi kutoka hapa kando ya Ziwa Superior, kuna North House Folk School, ambayo tangu 1997 inafundisha kazi za mikono za kaskazini, vyombo vikiwemo. St. Paul wapo Urban Boatbuilders, wanaofundisha vijana. Mtumbwi wa gome la mti wa mbetula wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, ulioshonwa kwa mizizi ya msprusi, ni kazi ya hali ya juu kuliko yote niliyotaja, lakini gome lake huvuliwa vizuri mwanzoni mwa kiangazi, wakati utomvu unapopanda. Usiuweke kwenye orodha ya Januari.

Vanishi na rangi za mwisho ziache hadi Mei, nje, siku isiyo na upepo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo ya taka, vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze vikauke au vizamishe majini kwenye kopo la bati.

Na barafu ikiondoka, usikimbie na kiboti chako ziwani siku hiyohiyo. Maji yanakuwa nyuzi nne au tano tu, na mtu akianguka humo mikono hupoteza nguvu ndani ya dakika chache, hata awe mwogeleaji wa namna gani. Ziwa Superior hubaki baridi hata mwezi wa Juni. Vaa jaketi la kuokoa maisha toka ukiwa nchi kavu, kaa karibu na ufuko, na jaribio la kwanza lifanyie kwenye maji yanayofika kiunoni, mwenzako akiwa amesimama pembeni.