Jina lile lile, mwanga mwingine

Jana usiku nilizima taa zote chumbani, nikasimamisha tochi mbili mezani zikiuelekea ukuta mweupe. Zina jina moja, rangi moja, na maandishi yale yale yaliyochongwa shingoni. Ya kwanza ni sampuli niliyopewa niijaribu kabla bidhaa haijaanza kuuzwa. Ya pili ndiyo niliyoilipia mwenyewe, nikaisubiri miezi saba. Nilipoziwasha pamoja, hata mtu asiyejali tochi angeona kwamba hivi ni vitu viwili. Sampuli ilitoa weupe wenye joto kidogo, na kitovu cha mwanga wake kilikuwa kimejaa sawasawa. Ile ya kulipia ilikuwa nyeupe ya baridi, ina ukijani kwenye kingo, na katikati ya kitovu pana kivuli cha duara kama pete.

Hakuna aliyeniambia kwamba imebadilishwa. Niliambiwa mara nne kwamba imechelewa.

Wapenzi wa tochi tunasemwa kwamba hatuna subira. Si kweli. Nimepima, nimefungua na kutengeneza tochi kwa zaidi ya miaka kumi, na watu ninaozungumza nao kuhusu kazi hii wanajua kungoja kuliko wanunuzi wengi. Waambie draiva, saketi inayoilisha taa umeme, ina hitilafu na inachorwa upya, watangoja mwaka. Kinachowauma ni kupigwa danadana za tarehe, halafu mwishowe kufikishiwa kitu ambacho hawakukiagiza. Mara nyingi mambo hayo mawili yana chanzo kimoja: kuna kipuri kimekosekana, na mtengenezaji ameamua kimya kimya afanye nini.

Kipuri kinachosumbua zaidi ni LED yenyewe, kile kipande kidogo kinachotoa mwanga. LED nyeupe haizaliwi nyeupe. Ndani yake kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake imepakwa fosfori inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na nyekundu, vyote vikichanganyika jicho likaona weupe. Upakaji huo hauwezi kutoka sawa kwa kila chipu. Kwa hiyo kiwandani kila LED hupimwa na kutupwa kwenye fungu lake kulingana na mwangaza, rangi na volti. LED mbili zenye jina moja, zote zimeandikwa kelvini 4500 (kelvini hupima joto la rangi ya mwanga), zikitoka mafungu tofauti moja huegemea waridi na nyingine kijani. Mwenye jicho la kawaida huenda asilione hilo akiwa na tochi moja tu mkononi. Akiziweka mbili ukutani, hawezi tena kutoliona.

Halafu kuna CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisia. Ukifungua boksi la waya chini ya LED yenye CRI ya 70, waya mwekundu na wa kahawia hufanana mno. Chini ya LED yenye CRI inayozidi 90, hasa ile inayofanya vizuri kwenye wekundu mzito, waya hizo hutofautiana papo hapo. Ndiyo maana watu waliipenda 219B, LED ya kampuni ya Nichia ya Japani, kiasi kile, na ilipoanza kuwa adimu wakaziweka akiba. Baadaye LED nyingine ya Nichia, 519A, ikaja ikajaza sehemu kubwa ya pengo. Mtu anayenunua tochi kwa sababu ya LED fulani ya fungu fulani ananunua mwanga anaoujua. Alumini inayoushikilia ni jambo la pili kwake.

Sasa fikiria mtengenezaji ameichora tochi kwa kuzingatia fungu moja, akatoa sampuli, akapokea fedha za watu. Anapokwenda kuagiza LED elfu kadhaa anaambiwa fungu hilo limekwisha na jingine litatoka baada ya miezi. Hapo ana njia mbili: kungoja, au kuchukua kinachopatikana. Anayechukua kinachopatikana huona amefanya badiliko dogo, kwa kuwa LED ni kipande cha milimita chache tu. Lakini kipande hicho kikibadilika, kila kilichokizunguka kinatakiwa kibadilike nacho.

Anza na rifleka, kile kikombe kinachong'aa kinachoizunguka LED. Kina sehemu moja tu ambapo mwanga hukusanyika vizuri, na sehemu hiyo ni finyu mno. LED ikikaa chini au juu ya hapo kwa sehemu ya milimita, kitovu kinapasuka. Urefu huo hupangwa na gasketi, kipete cha plastiki kinachokaa kati ya bodi ya LED na rifleka. LED yenye kuba, yaani kifuniko angavu cha mviringo, juu yake na LED isiyo na kuba hazina urefu mmoja wa kimwanga, kwa hiyo haziwezi kutumia gasketi moja. Ile pete ya kivuli niliyoiona ukutani ilinieleza habari hiyo kabla sijashika bisibisi.

Kuna pia umbali. Watu wengi huamini lumeni nyingi zaidi, yaani jumla kubwa ya mwanga, humaanisha tochi inayofika mbali zaidi. Umbali hautegemei jumla ya mwanga. Hutegemea mwanga unaotoka kwenye kila milimita ya mraba ya LED, pamoja na upana wa rifleka. LED kubwa inaweza kutoa lumeni nyingi kuliko ndogo na bado ikafika karibu, kwa sababu mwanga wake umetawanyika juu ya eneo pana. Kwa kipimo cha ANSI FL 1, kanuni ya Marekani ya kupima tochi iliyoanza 2009, umbali wa tochi ni pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki laksi 0.25, kiasi cha mbalamwezi nzuri. Hesabu yake ni rahisi: chukua kandela, yaani ukali wa mwale, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa mbili.

Nilipima zote mbili kwa umbali wa mita 5. Sampuli ilisoma laksi 2,500. Zidisha kwa 25 upate kandela 62,500, na hizo ni mita 500. Ya kulipia ilisoma laksi 1,600, yaani kandela 40,000, sawa na mita 400. Lumeni zimeongezeka kidogo, mita 100 zimepotea. Boksi limeandikwa mita 500. Sidhani mtu alikaa akapanga kudanganya. Nadhani maandishi ya boksi yalichapishwa kutokana na sampuli, na baada ya LED kubadilika hakuna aliyepima tena. Kwangu kosa linabaki kosa. Mtu aliyeinunua kwa kazi ya kutafuta watu usiku amepoteza moja ya tano ya umbali alioahidiwa, na hajui.

Draiva nayo ina mambo yake. Hii ni saketi inayochukua umeme wa betri na kuulisha kwenye LED kwa kiasi kinachotakiwa. Betri moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2 na hushuka kadiri inavyotumika. LED ya volti 3 huweza kulishwa na draiva rahisi inayopunguza tu. Mtengenezaji akihamia LED ya volti 6, sharti aweke draiva ya kupandisha volti, na hiyo inahitaji koili. Koili ina kimo, na kichwa cha tochi kilichotobolewa kwa ajili ya bodi nyembamba hakina nafasi hiyo. Kichwa kinachorwa upya. Kikichorwa upya, uzito hubadilika, mapezi ya kupoza joto hubadilika, na kiwango cha joto ambacho programu ilipangiwa kupunguza mwanga hakifai tena. Miezi mitatu imekwenda, na yote ilianza na barua pepe ya muuza LED.

Uhaba wa chipu wa kuanzia 2020 ulituonyesha hali hii kwa ukali wake wote. Tochi nyingi za wapenzi zilikuwa zikiendeshwa na ATtiny85, kompyuta ndogo yenye miguu minane na kumbukumbu ya kilobaiti 8. Ilipopatikana kwa shida, watengenezaji walihamia chipu nyingine, ikiwemo ATtiny1616 yenye kumbukumbu mara mbili. Kwa matumizi hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini njia ya kuipakia programu ni tofauti kabisa, na waliokuwa na vifaa vya ile ya zamani walifungua tochi mpya wakakuta vifaa vyao havifai kitu. Aliyeambiwa mapema alijiandaa. Asiyeambiwa alihisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwenye betri sitakawia sana, ila hili watu hulisahau. Betri ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, namba yenyewe inasema. Ile yenye saketi ya ulinzi na chuchu juu hurefuka milimita kadhaa. Nimewahi kupokea tochi ambayo springi yake ilibadilishwa katikati ya utengenezaji kuwa fupi na ngumu zaidi, na betri zangu zote zenye ulinzi zikakataa kuingia. Betri zikiwa ndani ya mzigo, kuna pia sheria za usafiri: majaribio ya usalama wa betri ya Umoja wa Mataifa, UN 38.3, na tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Mtengenezaji akiamua ghafla kuongeza betri ndani ya boksi ili kuwafurahisha wateja, ameongeza pia makaratasi na majuma ya kungoja.

Rangi ya anodi (ngozi ngumu ya alumini isiyopitisha umeme) isiyolingana kati ya kichwa na mkia, viwanda vya Shenzhen kufungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, hayo ni ya kawaida na yanatabirika. Kalenda ipo. Anayetangaza kwamba tochi itatoka katikati ya Februari ama hajui kazi yake ama anajua na ameamua kukupa matumaini.

Nina mfano mmoja unaonifanya niamini kwamba mambo yanaweza kwenda vizuri. Kuna tochi iliyokuwa tayari kabisa, imeshawekwa kwenye maboksi, mmoja wa wajaribu akagundua haichaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Ukitumia waya wa zamani wenye kichwa kipana inachaji, ukitumia mpya inakaa kimya. Sababu ilikuwa kukosekana kwa vipinzani viwili vya kilo-omu 5.1 ambavyo bodi ilitakiwa kuwa navyo ili chaja itambue kuna kifaa kinachoomba umeme. Vipuri vya bei ya kutupa, vidogo kama punje ya mchanga. Mtengenezaji alisimamisha kila kitu. Alituma picha ya bodi ya zamani na mchoro wa mpya, akaeleza kosa ni la nani, akasema ni wiki kumi, na anayetaka fedha yake arudishiwe. Wiki zikawa kumi na mbili. Katika watu ninaowafahamu walioagiza, hata mmoja hakudai fedha. Nilipoifungua nilivikuta vipinzani vile mahali pake, nikafurahi kama mtu aliyepokea barua.

Linganisha na kawaida ya siku hizi. Picha ya kompyuta inatolewa kabla hata alumini haijachongwa. Fedha zinakusanywa kwenye hatua ya sampuli. Swichi ya mkiani inahamia ubavuni, mwanga mdogo kabisa wa kusomea usiku unaondolewa, hesi (mizunguko ya kufungia mkia) zilizokuwa na anodi zinakuja tupu. Hili la hesi huonekana dogo, ila ni kwa anodi hiyo tochi nyingi hukata umeme ukilegeza mkia robo mzunguko, zisijiwashe ndani ya begi. Ukiuliza unajibiwa kwamba muundo umeboreshwa. Kwa nani? Huko ni kubadilisha gia angani, na abiria ndio sisi.

Ninachokitaka kwa mtengenezaji yeyote ni karatasi moja siku ya kufunga muundo: LED gani na ya fungu gani, draiva ya aina gani, betri za urefu gani zinaingia, mwanga wa chini kabisa ni kiasi gani. Kabla ya siku hiyo asichukue fedha. Baada yake, kila kinachobadilika kitajwe kwa jina, na namba ya toleo ichongwe kwenye tochi ili fundi atakayeifungua baada ya miaka mitano ajue ameshika nini. Nimewahi kuagiza bodi ya kubadilisha nikapata ambayo haikuingia, kwa sababu tochi zenye jina moja zilikuwa na vipenyo viwili.

Leo asubuhi niliifungua ile ya miezi saba. LED ni nyingine, pana zaidi, haina kuba. Nikaitoa gasketi, nikaitoa na ya sampuli, nikazipima: milimita 1.2 zote mbili. Kwa hiyo LED ilibadilishwa na gasketi ikaachwa ilivyokuwa, na LED mpya imekaa chini kuliko inavyotakiwa. Nikaisugua gasketi taratibu kwa msasa laini juu ya kioo, nikiirudisha na kuitazama ukutani kila baada ya muda. Ilipofika milimita 0.9 pete ya kivuli ilitoweka. Ukitaka kujaribu, nenda polepole sana: gasketi hiyo ndiyo pia inayozuia rifleka ya alumini isiguse lehemu za LED, na ikigusa umetengeneza shoti. Ukijani kwenye kingo haukutoka, huo hauondoki kwa msasa.

Nimewaandikia nikiwauliza LED hii ni ya fungu gani na ni lini waliibadilisha. Wakinijibu nitaliweka jibu lao lote hapa chini, pamoja na picha za mwanga wa tochi zote mbili ukutani.