"Shingo iko poa dokta, si ametembea mwenyewe"

Jana tena. Kijana kaanguka na bodaboda, wenzake wamemleta kwenye bajaji kakaa katikati yao kichwa kinayumba, na kabla sijamgusa nishaambiwa shingo iko poa, si ametembea mwenyewe. Jamani! Mfupa ni kitu kimoja, neva zinazopita katikati yake ni kingine. Pingili, kimfupa kimoja cha shingo, inaweza kupasuka neva zikawa nzima kabisa, mtu anatembea, anaongea, halafu ile pingili ikihama ndo miguu inagoma.

Mimi kwanza naangalia njia ya hewa, pumzi na damu, huku mtu kashika kichwa kisichezecheze. Halafu maswali matano: nikibonyeza katikati ya shingo kwa nyuma panauma? Kalewa? Akili imechanganyikiwa? Kuna ganzi au udhaifu? Ana jeraha lingine linalomuuma sana? Yote matano yakiwa hapana, picha haihitajiki, ingawa kwa mzee siishii hapo, mzee anaweza kuvunjika shingo kwa kuteleza tu bafuni.

Hilo la tano ndo linanisumbua. Mtu mwenye mkono uliovunjika anausikia mkono tu, ukimuuliza shingo anakwambia haiumi na wala hadanganyi. Sasa maumivu kiasi gani ndo yanaficha shingo? Hakuna kipimo, nawaambia ukweli, naamua kwa macho na uzoefu na kuna siku narudi nyumbani bado najiuliza. Huyu wa jana kiganja kilikuwa kimepinda, akasema shingo safi. Nikampa dawa ya maumivu, nikasubiri nusu saa, nikabonyeza tena pingili moja moja, kufika ya sita akanikamata koti.

Eksirei yake ikaja imeishia pingili ya sita, mabega yameziba. Shingo ina pingili 7, na picha isiyoonyesha ya saba inavyokutana na ya kwanza ya kifua siwezi kuitumia kusema mtu yuko salama. Tukampeleka siti skani, mashine ya picha za ndani zaidi, ya sita ina ufa.

Kola, ile ya kufunga shingo isicheze, sina imani nayo kama zamani. Shingo bado inacheza ndani yake, ikikaa muda mrefu inachubua ngozi, na mlevi anapigana nayo mpaka anajitikisa zaidi. Huyu nilimlaza chali, mashuka yaliyokunjwa kila upande wa kichwa. Nageuka kuandika faili, nasikia rafiki yake anamwambia, "Hebu geuza shingo tuone."