Daraja la Kale la Mostar: Mto Neretva Haukuwa Mpaka wa Vita

Ninafundisha uhifadhi wa majengo ya kale, na kila somo linapofika kwenye Daraja la Kale la Mostar, huko Bosnia na Herzegovina, hakosekani mwanafunzi wa kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba daraja hilo liliwaunganisha Waislamu wa ng'ambo hii na Wakatoliki wa ng'ambo ile, na kwamba lilivunjwa ili kuukata udugu huo. Hadithi ni tamu, lakini ramani ya mji inaikana.

Mji mkongwe, pamoja na misikiti yake, umekaa pande zote mbili za mto Neretva. Jeshi la Wakroatia wa Bosnia, HVO, ambao wengi wao ni Wakatoliki, lilipopigana na jeshi la serikali ya Bosnia, ambalo wengi wa askari wake hapo mjini walikuwa Waislamu, mstari wa mapambano haukufuata mto bali barabara ya Bulevar, iliyo magharibi ya mto. Jeshi la serikali lilishikilia upande wa mashariki na ukanda mwembamba wa magharibi, hivyo vichwa vyote viwili vya daraja vilikuwa mikononi mwake. Kwa wakazi wa ukanda huo daraja lilikuwa njia ya uhai, ndiyo maana lilifunikwa kwa mabati, mbao na matairi ili kulikinga na makombora, mpaka mizinga ya HVO ilipoliangusha tarehe 9 Novemba 1993. Anayetaka kuuona mpaka wa vita hivyo aache kupiga picha darajani, apande hadi Bulevar. Sifa ya daraja kama alama ya upatanisho ilipata nguvu wakati wa kulijenga upya, na UNESCO iliitia muhuri mwaka 2005 ilipoliingiza eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ninachokataa ni kuirudisha nyuma na kuifanya chanzo cha mashambulizi.

Wapo pia wanaowatwika Waserbia uvunjaji huo. Majeshi yao yaliushambulia mji mwaka 1992, ila daraja lilinusurika.

Dhana nyingine ni kwamba mawe yaliyopo ni yaleyale ya mwaka 1566, wakati msanifu Mimar Hayruddin alipolikamilisha kwa amri ya Sultani Suleiman wa Milki ya Uthmania, dola ya Waturuki iliyotawala huko. Mawe yaliyoopolewa mtoni yalikuwa yameharibika mno, kwa hiyo tao lililofunguliwa Julai 2004 lilichongwa upya kwa tenelija, jiwe la chokaa la huko huko, na vipande vyake vikashikizwa kwa vibano vya chuma vilivyomiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kama walivyofanya mafundi wa Milki ya Uthmania. Wanaoliita bandia wanasahau kwamba ufundi nao ni urithi.

Ama kuhusu vijana wanaojirusha mtoni kutoka urefu wa zaidi ya mita 20, huo si mchezo uliobuniwa kwa ajili ya watalii, kwani habari zake zimeandikwa tangu karne ya 17. Wanachangisha fedha kwanza, ni kweli, kisha hujimwagia maji baridi kabla ya kuruka, kwa sababu Neretva ni baridi hata wakati wa kiangazi, na mgeni anayetaka kuwaiga hufunzwa kwanza kwenye jukwaa fupi lililo kando ya mto.