Migongo ya Wachimbaji: Chapa za Millet

Kila ninapofundisha uchapaji kwa bamba la shaba, chapa ya kwanza kuitandaza mezani ni Les Bêcheurs (Wachimbaji) ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet: wanaume wawili wanachimba shamba. Tunaanza na migongo. Mmoja amekanyaga sepetu ili izame. Mwenzake amejikunja anapindua udongo. Nyuso hazionekani vizuri, wala hazihitajiki. Uchovu wote uko viunoni.

Millet kazi hiyo aliifahamu kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mtoto wa wakulima, na alilima na wazazi wake kabla ya kusomea uchoraji. Mwaka 1849 alihamia kijiji cha Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1875.

Sasa tuje kwenye bamba lenyewe. Shaba hupakwa tabaka jembamba la nta. Mchoraji huikwangua nta hiyo kwa sindano, kisha bamba huingizwa kwenye tindikali, nayo hula pale tu shaba ilipoachwa wazi. Mstari ulioliwa kwa muda mrefu huwa na kina, hushika wino mwingi, hutoka mweusi. Baadaye bamba hupakwa wino na kufutwa kwa kitambaa. Wino unabaki ndani ya mistari, na karatasi iliyoloweshwa kidogo huunyonya inapopitishwa kwenye rola. Sogeza lenzi uone: mistari ya Millet imelala sambamba kama matuta, ikifuata mikunjo ya suruali na mwinuko wa ardhi.

Chapa ya Millet ninayoipenda zaidi ni La Baratteuse (Msukaji Siagi), ya miaka ya 1850. Mwanamke anasukasuka maziwa apate siagi. Chombo chake ni pipa refu la mbao lenye mti unaopanda na kushuka kama mchi. Mikono yote miwili imeukamata, na paka anajisugua kwenye sketi yake. Paka huyo hunigusa kila mara. Ameshajua kinachoendelea humo ndani, lakini mwenye kazi hana nafasi ya kumtazama.

Chapa husafiri kuliko mchoro wa kwenye turubai. Mwaka 1889, akiwa hospitalini Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh aliwachora upya wale wachimbaji kwa rangi za mafuta, mbele yake akiwa na picha isiyo na rangi. Rangi alizitunga mwenyewe. Miinamo ya migongo aliifuata ile ile ya Millet.