Cc 1500 si kanuni: magari gani yaruhusiwe kwenye mbio za wanaoanza

Kila msimu unapokaribia kuna mtu huniletea kanuni ileile, na safari hii imeletwa na kijana ninayemheshimu. Anataka kuanzisha mbio za duara kwa watu wasioweza kumudu rali: magari ya kawaida ya mtaani, kizimba cha mabomba ya kumlinda dereva ndani, mizunguko michache, mshindi apewe kikombe na mafuta ya kurudia nyumbani. Nia njema kabisa. Kisha akasema: "Mzee, kanuni ni rahisi. Gari lolote, mradi lisizidi cc 1500. Wote watakuwa sawa."

Hawatakuwa sawa. Nimekagua magari miaka mingi na nasema hili bila kuzunguka: cc ni ujazo wa silinda, basi. Haikuambii injini inavuta hewa kiasi gani, inazunguka hadi wapi, wala imebebeshwa bodi ya uzito gani. Ukiandika kanuni kwa cc peke yake umemfungulia mlango mwenye pesa, yuleyule uliyetaka asiwaonee wengine.

Chukua Toyota Starlet EP82. Ya kawaida ina injini ya 4E-FE, cc 1331, nguvu za farasi 100 hivi. Ndugu yake GT ana 4E-FTE, cc 1331 zilezile, lakini ina tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, na inatoa farasi 135. Bodi moja, cc moja, na mkaguzi aliyeshika karatasi iliyoandikwa "cc 1500" hana pa kumshikia mtu. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, walilimaliza hili zamani: injini ya petroli yenye tabo, cc zake huzidishwa kwa 1.7 kabla ya kupangiwa daraja. Zidisha 1331 uone. Unapata zaidi ya 2,260, na Starlet yako ndogo imetoka hata kwenye daraja la cc 2000.

Basi tukataze tabo, wanasema. Sawa, tukataze, na kwetu kuna sababu ya ziada ambayo haimo kwenye vitabu vya Wajapani. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbarara ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kabla hujaiwasha. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya kile kilichopotea. Pengo la farasi 35 lililoandikwa kiwandani huku kwetu linatanuka.

Lakini hata tabo ikiondoka, kanuni ya cc haijapona. Injini ya Honda D15B ni cc 1493: zipo za farasi 100 na ushee, na ipo ya VTEC, mfumo wa kubadili ufunguaji wa vali, ya farasi 130. Ukipanda hadi cc 1600, ambayo wengi huiona kama huruma kidogo kwa wenye Corolla, umefungua jehanamu. Toyota 4A-FE ina farasi 115. 4A-GE ya vali 20, cc zilezile 1587, ina 160. Mitsubishi 4G92 ya MIVEC, mfumo wao unaofanana na VTEC, cc 1597, ina 175. Zote ziko chini ya 1600 na hakuna iliyo na tabo. Farasi 60 za tofauti, halafu mtu ananiambia wote watakuwa sawa!

Kwa hiyo orodha iandikwe kwa namba ya injini pamoja na namba ya bodi. Si kwa jina la gari, maana "Corolla" ni jina la magari mengi mno. Andika AE100 yenye 5A-FE. Andika NZE121 yenye 1NZ-FE. Ambalo halijaandikwa halijaruhusiwa. Anayetaka gari lake liongezwe alete maombi kabla ya msimu, si asubuhi ya mbio.

Hapa ndipo ugumu halisi ulipo, na ndipo watu huacha kunisikiliza.

5A-FE na 4A-FE ni za ukoo mmoja. Kwa nje, injini ikiwa imekaa ndani ya boneti imepakwa vumbi la uwanja wa mbio wa Busiika, huwezi kuzitofautisha kwa macho, na maandishi ya kwenye bloku husagwa kwa dakika tano. Ya kwanza ni cc 1498, ya pili 1587. Pistoni husafiri milimita 77 katika zote mbili. Tofauti iko kwenye upana wa silinda tu: 78.7 kwa 81. Maana yake ule ujanja wetu wa kuchomoa plagi, kuingiza fimbo na kupima mwendo wa pistoni hauna faida hapa. Fimbo itamkamata aliyeweka 7A-FE, kwa kuwa ile husafiri milimita 85.5. Haitamkamata aliyeweka 4A. Huyo utamkamata kwa kufungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, jambo ambalo hakuna mtu atakayelikubali baada ya mbio za Jumapili jioni, au kwa kifaa cha kupimia ujazo kupitia tundu la plagi, ambacho klabu ndogo hazina.

Ushauri wangu: ziruhusiwe zote mbili, tofauti ilipwe kwa uzito. Kanuni usiyoweza kuikagua usiiandike. Inawaadhibu waaminifu pekee.

Uzito unakagulika; anayeficha 4A akisema ni 5A nitamrudia mwishoni. Unahitaji mizani na sakafu iliyo sawa. Ningeanza na kilo 10 kwa kila farasi wa kiwandani, gari likiwa na dereva ndani. AE100 ya 5A-FE, farasi 105, ipime kilo 1,050 angalau. Ya 4A-FE ipime 1,150. NZE121, farasi 110, kilo 1,100. AE100 ni gari la kilo 1,000 hivi. Ukilivua viti vya nyuma, mazulia na mapambo, ukaweka kizimba na dereva, unafika karibu na hapo bila kuongeza chuma. NZE121 vilevile. Ndiyo maana nazichagua hizo mbili kuwa uti wa daraja, pamoja na AE110 iliyofuata AE100.

Zina mengine. Kisekka, soko la spea la Kampala, hakuna spea inayopatikana haraka kuliko za Corolla, na 1NZ-FE iko pia ndani ya Probox, Premio, Platz na Vitz za cc 1500, kwa hiyo injini iliyokufa Jumapili hupata ya kuichukua nafasi yake kabla ya wikendi. 5A-FE ina fadhila yake: mkanda wa taimingi ukikatika, vali na pistoni hazigongani. Unafunga mkanda mwingine unaendelea na maisha. Kwa kijana anayejifunza kwa pesa ya mfukoni, hilo ni zaidi ya farasi kumi.

Starlet naipenda na siiweki kwenye daraja hili. Ina kilo 800 hivi, na kwa hesabu yangu ingehitaji zaidi ya kilo 100 za chuma kilichofungwa sakafuni. Sitaki chuma cha uzito huo kikae ndani ya gari linaloweza kupinduka. Kilo 50 ndio mwisho wangu. Tena umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,300 tu, wakati Corolla AE100 ina 2,465. Kwenye duara la udongo mwekundu, magari yakigusana, fupi na jepesi ndilo linalozungushwa. Starlet zipewe daraja lao pamoja na Vitz za cc 1000 na 1300. Premio ni nzito, na umbali huo kwake ni milimita 2,700, na 1NZ haitoshi kulivuta bodi hilo kwenye mbio. Liache likahudumie familia. Toyota Mark II na ndugu zake wanaosukuma kwa nyuma, hapana kwa sasa. Wataharibu mchezo wa wanaoanza kwa kutafuta kuteleza.

Subaru. Najua. Nusu ya wasomaji wangu walikuja kwenye mchezo huu kwa sababu ya sauti ya Impreza ikipita kwenye mashamba ya Mbarara, na Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa wa rali mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kuupata, alituonyesha mchezo huu ni wa nani. Rali ni rali. Daraja la wanaoanza ni kitu kingine, na Impreza haifai hapa hata ile ndogo ya cc 1500. Nyingi huvuta kwa magurudumu manne: ekseli zaidi za kuvunja, difu zaidi, giaboksi lisilopenda kupigwa, na kila kitu ni bei. Halafu injini za ukoo wa EJ hukaa sehemu ileile ya gari. Leo EJ15, kesho EJ20 iko chini ya boneti hilohilo, nami nimebaki na tochi na fimbo yangu. Mwenye Subaru ana pa kwenda, kuna otokrosi, mbio fupi za vumbini, na kuna rali. Mwenye Corolla ya baba yake hana.

Sasa mambo ambayo sina uhakika nayo, na sitajifanya.

La kwanza ni gia. Magari mengi tuliyoletewa kutoka Japani ni otomatiki. Kulazimisha gia ya mkono ni kumwambia kijana anunue giaboksi, pedali, klachi na pengine ekseli, na hapo tumeua neno "rahisi". Kuruhusu otomatiki ni kukubali giaboksi zitakazochemka kwenye mzunguko wa nane, mafuta yake yamwagike njiani, anayefuata ateleze. Naegemea kuziruhusu zenye kipoozeo cha ziada cha mafuta, mbio ziwe fupi. Lakini naegemea tu. CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia, sitaki kuiona.

La pili ni umri wa magari. Tangu sheria ya 2018, gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe haliingii tena nchini. AE100 zilizopo ndizo hizo, na kila tutakayoiponda haina mbadala. NZE121 nazo zimeshafungiwa. Je, tujenge daraja juu ya bodi zinazokwisha? Naona ndiyo, kwa miaka kadhaa, kwa sababu bodi zilizopo ni nyingi. Anayesema tuanze na magari mapya zaidi anieleze kijana atalinunua na nini.

Kizimba hakina mjadala, kwa hiyo nitakipita haraka. Bomba la chuma lisilo na mshono. FIA wanataka tao kuu, lile la nyuma ya dereva, la bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au 50 lenye unene wa 2.0, kwa mbio hizi sioni sababu ya kushuka chini ya hapo. Bomba la maji si kizimba. Bomba la kutengenezea viti si kizimba. Nimeona yote mawili yamepakwa rangi nzuri. Kizimba kitagharimu sana, kwenye gari bovu huenda zaidi ya gari lenyewe, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutotaka mtu atumie pesa kwenye injini. Tairi ziwe za barabarani, saizi moja, aina moja. Kwenye vumbi tairi huamua zaidi ya farasi kumi.

Kuna watakaosema nawaza udanganyifu kupita kiasi. Nawakumbusha tarehe 19 Juni 1949, Charlotte, siku NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, ilipoendesha mbio za kwanza za daraja la magari yaliyo kama yalivyotoka kiwandani. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza na Ford ya 1947. Wakaguzi wakakuta springi za nyuma zimefanyiwa kazi, mtindo wa magari ya kusafirishia pombe ya magendo, na ushindi akapewa Jim Roper mwenye Lincoln. Mwenye Ford akaenda mahakamani, akashindwa. Yalikuwa mashindano ya kwanza kabisa! Na leo Camry ya NASCAR ina V8 na inasukuma kwa nyuma, ilhali Camry ya dukani inavuta kwa mbele. Magari hufika huko polepole, kila mwaka ruhusa moja ndogo, na kila ruhusa ilikuwa na sababu nzuri.

Dawa ninayoiamini zaidi ya ukaguzi wangu mwenyewe inatoka Finland na Sweden. Katika mbio zao za watu wa kawaida, gari likishamaliza mtu anaweza kuomba kulinunua kwa bei ndogo iliyopangwa, na mwenyewe hawezi kukataa. Nani ataweka injini ya mamilioni ndani ya gari linaloweza kuondoka kwa bei ya chuma chakavu?

Kwetu kuna kikwazo. Gari la mbio hapa mara nyingi si la mtu mmoja: shemeji ametoa injini, jirani amechomelea kizimba, mjomba ndiye mwenye kadi ya gari. Mgeni akilinunua kwa nguvu ya kanuni, watu wataona ni uporaji, na sitawalaumu. Kwa hiyo ningeanza na injini peke yake. Yeyote aliyemaliza mbio aweze kununua injini ya mshindi kwa bei ya Kisekka ya injini hiyohiyo, na akiitumia haki hiyo naye amkabidhi mshindi injini yake. Bei iandikwe ubaoni asubuhi, kabla ya ukaguzi kuanza, na anayekataa kuuza apoteze pointi za siku hiyo.